Makaburi ya Nairobi na Watu Wetu Waliolala Humo



Kila mwaka katika kitabu hiki, baada ya hesabu ya fedha, huwekwa ukurasa wa majina ya wenzetu waliofariki. Majina hayo husomwa katika mkutano mkuu hali sote tumesimama, kisha twaketi na kuendelea na shughuli. Safari hii, karani alipokuwa akiyapanga, mzee mmoja wa Mutomo alituuliza swali ambalo kamati nzima ilishindwa kulijibu. Alisema: "Hawa mliowapeleka nyumbani, walipo panajulikana. Je, wale mliowazika hapa hapa Nairobi, nani kati yenu aweza kunipeleka nikayaone makaburi yao?"

Tulitazamana. Baadaye tuliagizwa watu wanne tuyazuru makaburi ya mji huu, tuulize, tusome, kisha tuandike historia yake kwa kadiri iwahusuvyo watu wa Kitui na Makueni. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Yafaa tuanze nyumbani, kwani asiyejua desturi ya kale hawezi kuelewa kwa nini jambo la kaburi limetushika sana katika miaka hii. Hapo kale Mkamba hakuzikwa ovyo, wala si kila Mkamba aliyezikwa. Mzee mwenye heshima na mji wake alichimbiwa kaburi. Vijana, watoto na watu wasio na cheo walipelekwa porini, fisi wakamaliza kazi. Jambo hili liliandikwa na C. W. Hobley mwaka 1910, na tena na Msweden Gerhard Lindblom, aliyeishi kati ya Wakamba na kutoa kitabu kikubwa juu yao. Vijana wetu wanaposoma habari hizo huona aibu, na wengine husema ni uongo wa Wazungu. Wazee wetu wenyewe hawakutuambia kuwa ni uongo. Maiti iliogopwa. Aliyeigusa ilimpasa kutakaswa kwa ng'ondu kabla ya kurudi kati ya watu, na nyumba iliyofiwa ilikuwa na miiko yake. Kukosa kaburi hakukuwa na maana ya kusahauliwa, kwa kuwa aimu, yaani roho za waliotangulia, walimwagiwa pombe na kuwekewa chakula bila kuulizwa mifupa yao iko wapi. Jina la marehemu nalo lilirudi kwa mjukuu. Hivyo ndivyo watu wa zamani walivyomtunza mfu, kwa jina kuliko kwa udongo. Tunaomba msomaji alikumbuke neno hilo, maana tutalirudia.

Desturi ya kuzika kila mtu ilikuja pamoja na misheni na serikali. Huko Ikutha, katika Kitui, Walutheri Wajerumani walikuwa wamefika katika miaka ya 1890. Upande wa Makueni, Waskoti walijenga misheni Kibwezi mwaka 1891, lakini homa iliwaua na kuwadhoofisha hata wakahamia Kikuyu mwaka 1898. Peter Cameron Scott, mwanzilishi wa Africa Inland Mission, alifika Nzaui mwishoni mwa 1895. Desemba 1896 alikuwa amekwisha kufa kwa homa, akazikwa huko huko Nzaui. Basi makaburi ya kwanza yaliyojengwa kwa namna ya Kikristo katika nchi yetu yalikuwa makaburi ya wageni. Wazee wetu walitazama na kushangaa kuona mtu kijana, asiye na mke wala mtoto wala ng'ombe mmoja, akifukiwa kwa heshima ya mzee wa ithembo.

Halafu ikaja reli, na kwa reli twaingia Nairobi.

Reli iliyoanzia Mombasa ilipita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud na Kima, yote katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Makueni, ikafika mahali paitwapo Nairobi mwezi Mei 1899. Wahindi walioletwa kuijenga walikuwa karibu 32,000, na kati yao walikufa karibu 2,500, kwa magonjwa na ajali, na wachache kwa simba ambao kila mtu amewasikia. Wengi wao wamelala kando ya njia bila alama. Mji ulipoanza, wenye reli walitenga kiwanja cha kuzikia, ambacho leo chaitwa Makaburi ya Kusini, nacho ndicho cha Wazungu wa kwanza wa Nairobi.

Humo tulikuta habari ambayo ilitusimamisha kwa muda mrefu. Kati ya waliolala pale yupo Charles Henry Ryall, ofisa wa polisi wa reli. Usiku mmoja wa Juni 1900 alikuwa ndani ya behewa lililosimamishwa kituoni Kima, yeye na wenzake wawili, wakimvizia simba aliyekuwa akiwala watu. Zamu ya kukesha ilikuwa yake, usingizi ukamchukua, na simba akaingia behewani akamtoa kupitia dirishani. Behewa lenyewe lipo hadi leo katika Makumbusho ya Reli, na watoto wa shule huonyeshwa. Mwili wa Ryall uliletwa kwa garimoshi hadi Nairobi ukazikwa, na juu yake likawekwa jiwe la kueleza jinsi alivyokufa na mahali alipofia.

Basi maiti ya kwanza tunayoijua kusafirishwa kati ya Makueni na Nairobi ilikwenda kinyume cha njia tunayoipita sisi. Mzungu aliyefia Kima aliletwa mjini ili azikwe kati ya watu wake, nasi tunaofia mjini twapelekwa Kima ili tuzikwe kati ya watu wetu. Tamaa ni ile ile. Ila simba yule alikuwa amekwisha kuwala watu wengine kabla ya Ryall, na majina yao hayakuandikwa popote.

Tukaenda Kariokor. Wanachama wengi hufika pale kununua viondo na kula nyama, na wachache tu hufikiri juu ya jina lenyewe. Jina hilo latokana na Carrier Corps, jeshi la wapagazi la vita ya 1914 hadi 1918, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na kambi yao. Dar es Salaam nako wana Kariakoo, kwa sababu hiyo hiyo. Wapagazi hao walichukuliwa kutoka wilaya zote, na Ukamba haikuachwa nyuma. Mwaka 1917 John Ainsworth aliwekwa kuwa mkuu wa kukusanya watu wa kazi ya vita. Ndiye yule yule aliyekuwa mtawala wa Machakos tangu 1892, naye aliijua nchi yetu kijiji kwa kijiji. Vijana walitolewa mashambani, wakafungwa kibandiko cha namba, wakapelekwa kusini katika nchi ya Wajerumani wakiwa na mizigo kichwani.

Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na nimonia, na unga wa mahindi uliosagwa vibaya na kupikwa haraka, ambao matumbo yaliyozoea wimbi na mtama hayakuuweza. Hesabu rasmi ya Waingereza yataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa. Wanahistoria waliochunguza baadaye waona kuwa hesabu hiyo ni ndogo mno, na wengine wakaribia 100,000. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia wazazi wao.

Makaburi yao yako wapi? Tuliuliza, na jibu ni fupi: hayapo. Baada ya vita, Tume ya Makaburi ya Vita ya Milki ya Uingereza iliamua kwamba kila askari Mzungu apate jiwe lenye jina lake, au jina lake lichongwe ukutani. Kwa Waafrika wa nchi hizi iliamuliwa vingine, kwamba sehemu walizozikwa ziachwe zirudi kuwa pori, na badala yake zisimamishwe sanamu chache mijini. Ndiyo maana katika barabara ambayo sasa ni Kenyatta Avenue zipo sanamu tatu za shaba, na mmoja wa watu hao ni mpagazi. Maandishi ya chini yake yametungwa na Rudyard Kipling, nayo ni kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Huwaambia wapiganaji kwamba wakifa wana wao watalikumbuka jina lao. Tulisimama pale adhuhuri, magari yakipita, tukayazunguka mawe yale pande zote. Hakuna jina hata moja.

Hayo hatukuyasema sisi peke yetu kwa uchungu wetu. Mwezi Aprili 2021 Tume yenyewe, ambayo sasa yaitwa ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni siku ile ile, na Tume ikaahidi kuyatafuta majina. Sisi twasema, na tunaomba wazee watusahihishe tukikosea, kwamba majina mengi ya Kitui na Makueni hayatapatikana katika karatasi za London, yatapatikana kwa ajuza na vikongwe wanaojua kwamba babu wa babu yao "alikwenda Kariakoo akapotea." Kila mwaka mmoja wao hufa na majina aliyo nayo.

Turudi mjini. Kwa muda wa nusu karne Nairobi iliwagawanya wafu kama ilivyowagawanya walio hai. Wazungu walikuwa na Makaburi ya Kusini, na baadaye yale ya Forest Road. Waislamu walikuwa na yao Kariokor. Wahindu walichoma maiti zao, na mahali hapo pa kuchomea, Kariokor, ndipo alipopelekwa Profesa Wangari Maathai mwaka 2011 kwa wasia wake mwenyewe, jambo lililozua mjadala mkubwa katika mkutano wetu wa mwaka ule, na mzee mmoja akauliza kwa sauti kama majivu nayo yalipiwa nauli. Wagoa na wengine walizika City Park, ambako Pio Gama Pinto alilazwa mwaka 1965 baada ya kuuawa kwa risasi, naye Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais, aliomba azikwe karibu na rafiki yake huyo, na ikawa hivyo mwaka 1990. Murumbi angeweza kuzikwa kwa heshima popote katika Kenya, naye akachagua kulala kando ya rafiki, mjini. Tunalitaja hilo kwa wale wasemao kwamba mtu anayezikwa Nairobi ni mtu aliyekosa kwao.

Na Mwafrika wa kawaida, mfanyakazi wa reli, dobi, mpishi, askari wa usiku? Serikali ya wakati ule ilimhesabu kuwa mgeni mjini. Kitanda chake kilikuwa cha muda, na kama alikufa bila ndugu karibu, alifukiwa na manispaa kama ifukiavyo takataka nyingine, tuseme hivyo bila kuficha. Waliokuwa na nafuu ni Waislamu wa Pangani ya zamani na Pumwani, ambao hawakumwacha mwenzao azikwe bila sanda na watu wa kumswalia. Si wachache katika watu wetu waliosilimu mjini enzi hizo, na tumewasikia wazee wakikiri kwamba sababu mojawapo ilikuwa hiyo ya kuwa na uhakika wa kaburi.

Hofu hiyo ndiyo mama wa vyama kama hiki chetu. Watu wa utui mmoja, au mbai moja, waliokutana katika nyumba za Shauri Moyo, Ziwani au Kaloleni, walichanga senti ili mtu wao asizikwe na manispaa. Mambo mengine yote, karo za watoto, mabati, michezo, na siasa hatimaye, yalifuata nyuma ya jeneza. Hata mwaka 1980, vyama vikubwa vya makabila vilipoamriwa kuvunjwa, na New Akamba Union kikiwa kimojawapo, vikundi vidogo vya kuzikana viliendelea kimya kimya, kwa kuwa hakuna amri iwezayo kumzuia mtu kumchangia mfiwa.

Vita ya pili ilileta makaburi ya namna nyingine. Mwaka 1941 wakuu wa jeshi walifungua makaburi ya vita katika Ngong Road, na humo wamelala karibu watu 2,000 wa vita ile, wakiwamo askari wa Afrika Mashariki. Nyasi hukatwa, mawe yamepangwa sawa, na daftari lipo ambalo mtu aweza kulifungua akatafuta jina. Ndani yake kuna ukuta wa ukumbusho wenye majina zaidi ya 2,000 ya wale wasio na kaburi linalojulikana: waliopotea Somalia na kusini mwa Habeshi, waliokufa Madagascar, na waliozama na meli Khedive Ismail. Meli hiyo ilitoka Mombasa ikielekea Colombo, na tarehe 12 Februari 1944 ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives, watu 1,297 wakafa katika muda mfupi sana, wakiwamo wapiga mizinga wengi wa Afrika Mashariki. Waliofia Burma bila kaburi, majina yao yako huko huko Burma, katika ukumbusho wa Taukkyan karibu na Rangoon.

Wanachama wenye babu aliyekuwa King's African Rifles na hakurudi, twawasihi waende Ngong Road. Hakuna kiingilio. Mmoja wa sisi wanne alikwenda kwa ajili ya kuandika makala haya tu, akakuta ukutani jina linalofanana na la ukoo wake. Hajathibitisha bado kama ni mtu wao. Lakini tangu siku ile amekwisha kwenda mara mbili zaidi. Tazameni basi tofauti: kati ya vita ya kwanza na ya pili ilipita miaka ishirini na michache, na katika muda huo Mwafrika aliyekufa vitani alipata jina.

Mwaka 1958 yakafunguliwa makaburi ya Lang'ata, na hayo ndiyo yaliyopokea Nairobi nzima baada ya Uhuru, watu wa kila dini na kila kabila, matajiri kwa maskini, ingawa hata humo mna upande wa makaburi ya kudumu na upande wa makaburi ya muda. Mwaka 1996 ilitangazwa kuwa pamejaa. Watu wameendelea kuzikwa hadi leo. Ni vizuri wanachama waelewe maana yake. Kaburi la muda ni la bei nafuu, nalo baada ya miaka kadhaa laweza kupewa mtu mwingine. Zile maiti zisizodaiwa na mtu, baada ya matangazo magazetini na kibali cha mahakama, hufukiwa pamoja katika shimo moja.

Jiji lilipotafuta ardhi nyingine lilikuja upande wetu. Liliinunua Mavoko, katika nchi ya Machakos, ekari 120 kwa shilingi milioni 283, hali mthamini wa serikali alikuwa ameikadiria kuwa ya milioni 24 hivi. Kisha ikaonekana kwamba mwamba uko karibu mno na uso wa ardhi, na kaburi la kina cha kutosha halichimbiki. Mwaka 2018 baadhi ya waliokuwa maofisa wakuu walihukumiwa kifungo kwa ajili ya ununuzi huo. Kila mtu wa Ukambani aliyechimba choo upande ule angaliweza kuwaambia habari za mwamba bila malipo.

Sasa tuje kwa lile swali la mzee wa Mutomo. Tulikuwa hatujui, alipouliza, kwamba alikuwa akimwulizia ndugu yake mdogo. Ndugu huyo alikuwa mwanachama wetu wa siku nyingi. Alifariki katika mwaka wa ukame mkali, wakati nyumbani hapakuwa na maji ya kuwapa waombolezaji, na michango ya mjini ilikuwa imekwisha kwa misiba mitatu iliyofuatana. Kamati ya wakati ule iliamua azikwe katika mojawapo ya makaburi ya hapa, ambayo hatutayataja. Wanachama walihudhuria, sala zilisomwa, msalaba wa mti ukachomekwa. Baada ya hapo hatukurudi tena.

Tulikwenda na mzee kumtafuta. Karani wa mahali pale alitupokea vizuri akatufungulia daftari, lakini jina tulilompa halikuwamo. Tulisoma kurasa kwa kidole kwa saa mbili. Mwisho tulilikuta limeandikwa vingine, jina la baba likiwa mbele na herufi mbili zimegeuka, kama yanavyoharibika majina yetu ya Kikamba kila siku katika vinywa vya watu. Namba ya kaburi ilikuwapo. Tulipofika kwenye namba hiyo, juu yake palikuwa na msalaba mpya na jina la mtoto wa watu wengine. Lilikuwa kaburi la muda, na muda wake ulikuwa umekwisha. Barua ya kutujulisha, kama ilitumwa, ilitumwa kwa sanduku la posta ambalo chama kililiacha zamani. Risiti tuliyopewa siku ya mazishi hatukuihifadhi. Kosa hilo ni letu, na twaliandika hapa ili lijulikane kuwa ni letu.

Mzee hakutukaripia. Aliuliza jua linachomoza upande gani pale, akageukia huko, ambako ndiko Kitui, akasimama. Halafu akatuambia tumwombee dua yule mtoto pia, maana wanalala kitanda kimoja.

Tuliporudi tuliifungua katiba yetu. Kifungu cha misiba chasema kwamba chama kitalipa jeneza, gari na mafuta kwa mwanachama anayepelekwa nyumbani. Kwa anayezikwa Nairobi chasema "atapewa rambirambi kwa kadiri ya uwezo." Maneno hayo yalitungwa na watu wema, katika siku ambazo kila mwanachama alikuwa na shamba la baba yake na kila shamba lilikuwa na nafasi. Leo wamo kati yetu wajane waliofukuzwa mashambani na mashemeji zao, wamo waliozaliwa Makadara au Eastleigh ambao Kikamba chao ni cha kuazima, na wamo waliouza sehemu yao wakasomesha watoto. Watu hawa hutoa mchango sawa na wengine kila mwezi. Wakifa, twawapa rambirambi.

Twajua hoja ya wazee wanaopinga, nayo si hoja nyepesi. Kaburi nyumbani ni ushahidi wa ardhi. Katika kesi za mashamba, makaburi ya babu yamesimama badala ya hati mara nyingi, na familia isiyozika mtu wake nyumbani yaweza kuonekana imekitupa kiwanja chake. Wale waliohamia Makueni, ardhi ilipofunguliwa kwa makao baada ya vita ya pili, wajua vema kwamba pale hapakuitwa nyumbani mpaka mzee wa kwanza alipozikwa. Nchi nzima iliiona nguvu ya jambo hili mwaka 1987, wakati wakili S. M. Otieno alipokaa miezi mitano bila kuzikwa, mjane wake akitaka amzike karibu na Nairobi, ukoo wake ukitaka azikwe Nyalgunga, na Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo ushindi. Hatusemi kwamba hukumu ile iwaaibishe wazee wetu wanaotaka watu warudi nyumbani. Twasema tu kwamba chama chetu si mahakama, na fedha iliyo katika sanduku ni ya mjane kama ilivyo ya mwenye shamba.

Kwa hiyo kamati italeta mambo matatu mbele ya mkutano mkuu, wanachama wayapime. La kwanza, kifungu cha misiba kibadilishwe, ili gharama halisi ya mazishi ilipwe kwa kiwango kimoja, iwe ni Lang'ata au ni Kyuso, na anayezikwa mjini anunuliwe kaburi la kudumu kila inapowezekana. La pili, chama kiwe na siku moja katika mwaka ya kwenda na majembe kusafisha makaburi ya wenzetu. Vijana wa michezo wamekubali kuongoza kazi hiyo kwa njia ya mwethya, bila malipo, ila wameomba chai.

La tatu limekwisha kuanza, kwa kuwa halihitaji kura. Karani amefungua Daftari la Makaburi. Ndani yake huandikwa jina la marehemu kama mama yake alivyolitamka, jina la baba, mbai yake na utui wake, siku ya kufa, mahali alipozikwa na namba ya kaburi. Upande wa nyuma wa daftari umeachwa kwa majina ya waliokwenda Kariakoo na waliokwenda Burma. Kila familia yenye jina la kuandikisha na ilete, hata kama haina tarehe. Daftari laweza kuonekana kwa karani kila Jumamosi alasiri. Hadi tunapopeleka makala haya mitamboni, ukurasa wa kwanza umejaa, na jina la juu kabisa ni la ndugu yake mzee wa Mutomo. Katika safu ya namba ya kaburi, mbele ya majina mengi, bado hakujaandikwa kitu.